Saa Mbili ya Mpolandi

Kwako Bi Severa wa ukurasa wa ushauri,

Hili ninalokuandikia sijamwambia mtu, si mama, si rafiki yangu wa shuleni, na hata kwenye kitubio Jumamosi iliyopita nilitaja dhambi zote mpaka ile ya kumwiga mwalimu wa hesabu anavyopiga chafya, nikafika kwenye hii nikakohoa, padre akadhani nimemaliza, akanipa Salamu Maria tatu nikaondoka nazo. Dhambi yenyewe ni kwamba nilimdanganya mama kuhusu saa, tena nilimdanganya kwa kumwambia kweli, na rubani wa ndege akalala fofofo huku abiria wakimngoja uwanjani. Tafadhali usiandike jina langu. Mimi ni mtu wa haya, mteja akinisalimu hotelini kwetu namjibu nikiangalia sinia.

Nina miaka kumi na sita, nasoma kwa masista, darasani ni Kiingereza na nyumbani ni Kiswahili, na kwa sababu hiyo mama ameniweka kuwa mdomo wake kila anapokuja mtu asiyejua kusema vizuri. Mama ana hoteli ya chai hapa Mchafukoge, si mbali na stesheni, meza sita, na nyuma kuna chumba kidogo chenye kitanda cha kamba ambacho zamani baba alikuwa akijipumzishia. Baba ni karani bandarini. Sisi ni watu wa Kibosho lakini mimi nimezaliwa hapahapa.

Sasa, Bi Severa, kila Alhamisi asubuhi, gari moshi la bara likishaingia, anakuja kwetu mzungu mmoja mrefu mwembamba anaitwa Bwana Tadeo, na watu wa mtaani kwanza walishangaa, wakasema mzungu gani huyu anakula vitumbua Mchafukoge, mpaka walipoambiwa ni Mpolandi, wale waliokuja wakati wa vita wamekimbia kwao, basi wakasema aa, huyo ni mgeni kama sisi. Mama alijuana naye kanisani. Yeye ni rubani wa ndege ndogo ya abiria wanane inayokwenda Unguja na Tanga, anaiendesha peke yake, lakini mkewe ni nesi kwenye shamba la mkonge huko Morogoro, na watoto wako huko, kwa hiyo kila wiki anapanda gari moshi usiku wa manane, anakaa wima kwenye benchi mpaka Dar es Salaam, anafika kwetu saa moja asubuhi macho yamemwiva kama pilipili, anatundika kofia yake ya urubani kwenye shingo ya birika kubwa, anakunywa chai, analala, saa nane mchana anaamshwa, saa kumi anaruka.

Jirani yetu Bi Sitara hakuamini kwamba ni rubani. Alisema, "Rubani ninayemjua mimi ni wa maji, anaingiza meli. Huyu hata kikombe hakiingizi mdomoni."

Baba akacheka, halafu akasema neno ambalo sikulisahau. "Rubani wetu wa bandarini nyumba yake iko palepale. Akishuka ngazi, amefika kwenye boti. Meli ikichelewa, analala. Ikija, anaamshwa. Huyu wa angani anakesha kwenye gari moshi ndipo aende akaendeshe. Ofisini kwao wanaandika saa za kuruka, hizi za gari moshi anaziandika nani?"

Mama akajibu, "Macho yake."

Basi wiki tatu zilizopita Bwana Tadeo aliniambia kitu kwa Kiingereza, mimi peke yangu, na alikuwa anacheka wakati anakisema. Yeye huniita Yozefa. Alisema, Yozefa, juzi nimetoka Unguja naelekea Tanga, kisiwa cha Pemba kiko kulia kwangu kama siku zote, nikafumba macho kidogo tu, hivi, nilipofumbua Pemba ilikuwa kushoto. Nyuma abiria walikuwa wanamenya machungwa, hakuna aliyejua. Akacheka tena, halafu akaendelea kukoroga chai yake muda mrefu, na chai yenyewe ilikuwa imeshakwisha kikombeni. Akasema, usimwambie mama yako. Mimi, ambaye hata salamu naitolea sauti ya panya, nikatunza siri kubwa kama hiyo, na toka siku hiyo kila Alhamisi ndege ikipita juu natoka nje kuitazama mpaka ipotee.

Alhamisi ya wiki iliyopita ndiyo siku yenyewe. Tuko likizo, kwa hiyo nilikuwepo kutwa nzima, si asubuhi tu. Alifika amechoka hoi, gari moshi lilikuwa limejaa, alisimama njia nzima mpaka Ruvu. Akatia chumvi kwenye chai akainywa yote, akashukuru. Akasimama aende chumbani akapitiwa na usingizi palepale mlangoni, amesimama, mkono umeshika pazia, mpaka Bi Sitara aliyekuwa amekuja kutuaga akasema, "Jamani, mtoeni huyo, asije akatuangushia nyumba." Maana Bi Sitara siku hiyohiyo alikuwa anasafiri kwenda Unguja kwenye harusi ya mpwa wake, kwa ndege, mara yake ya kwanza, na ndege yenyewe ndiyo hiyo, na yeye alikuwa hajui kwamba anayemcheka ndiye atakayembeba.

Siku zote Bwana Tadeo huniambia mimi kwa Kiingereza saa ya kumwamsha, nami namgeuzia mama kwa Kiswahili. Siku hiyo kwa uchovu akamwambia mama moja kwa moja, kwa Kiswahili chake, "Mama, mimi amsha saa mbili." Akaingia, akaanguka kitandani na viatu.

Mama akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja na nusu. Akaniuliza, "Saa mbili? Si imebaki nusu saa tu? Siku zote si saa nane huyu?"

Mimi nilijua, Bi Severa. Nilijua kabisa kwamba anahesabu saa za kizungu, na mbili yake ni nane yetu. Ningesema neno moja tu. Lakini nikaiona Pemba inahama, nikamwona Bi Sitara na kanga zake mpya na kikapu chake cha halua, nikasikia mdomo wangu unasema, "Leo amesema saa mbili, mama. Umemsikia mwenyewe. Labda ya usiku."

Mama akasema, "Haya, wazungu na ratiba zao," akaenda kukanda unga.

Kama ningeishia hapo pengine ningelala vizuri. Lakini saa nane kamili akaja Mrisho. Huyu ni dereva wa teksi ambaye kampuni ya ndege ilikuwa inamwita kila Alhamisi ampeleke Bwana Tadeo uwanjani, ni kijana wa hapahapa mjini, gari lake analipangusa kama sahani ya harusi, na sifa yake ni kwamba hajawahi kuchelewa. Nikatoka mbio na sinia kifuani nikamwambia, "Ameshaondoka, kaka Mrisho. Gari la kampuni lilimpitia." Mrisho akachungulia ndani. Kofia ya urubani ilikuwa inaning'inia kwenye shingo ya birika, na kutoka nyuma ya pazia ulikuwa unasikika mkoromo kama wa kinu cha mahindi. Akaitazama kofia, akanitazama mimi, akasema, "Haya, binti." Akaondoka.

Bwana Tadeo aliamka mwenyewe saa kumi na moja jioni, kwa harufu ya samaki wa kukaanga. Nakuapia sijawahi kuona mtu ameamka hivyo. Alitoka nywele zimesimama, mashavu mekundu, anaimba kwa Kipolandi, akamsalimu kila mtu hotelini kwa mkono, mpaka paka. Mama akamwambia, "Mbona umeamka mapema? Rudi ukalale, zimebaki saa tatu." Ndipo akatazama saa yake ya mkononi, akamwita Bikira Maria kwa sauti ambayo walisikia mpaka stesheni.

"Mama! Mimi sema saa mbili!"

"Ndiyo, saa mbili!"

"Mbili!" Akainua vidole viwili.

"Mbili!" Mama naye akainua vyake viwili.

Wakasimama hivyo, vidole viwili kwa vidole viwili, hakuna anayeshusha, wateja wameacha kula. Karani wa kampuni, Mgoa mmoja mnene, akafika wakati huohuo anamtafuta rubani wake, akawakuta hivyo, akauliza, akaelezwa, akacheka mpaka akakaa kwenye gunia la unga akainuka makalio meupe. Akasema ndege ilisharuka, imechelewa nusu saa tu, imepewa rubani mwingine anayekaa karibu na uwanja na alikuwa amepumzika siku mbili. Kwa hiyo hakuna aliyeumia. Bi Sitara aliikuta ngoma haijaanza, karudi Jumamosi anasimulia mawingu kama vile aliyafuma yeye. Mtaa mzima unacheka, mtu akichelewa popote anaambiwa amekuja saa mbili ya Mpolandi, na mama anaisimulia hadithi mara kumi kwa siku na kila mara vidole vinakuwa virefu zaidi. Bwana Tadeo mwenyewe aliniambia hajalala hivyo tangu vita vianze.

Kila mtu anafurahi isipokuwa Mrisho, na Mrisho ndiye anayeninyima raha. Karani alipomwuliza kwa nini hakuja, hakunitaja. Alisema gurudumu lake lilipasuka Kariakoo. Kampuni ikampa dereva mwingine kazi ya Alhamisi, anaitwa Fikirini, na kituoni madereva wenzake sasa wanamwita Mrisho Pancha, wakimwona wanapuliza pumzi, psss, kama mpira unaotoka upepo, naye anacheka nao. Juzi nimetumwa ndimu nikapita pale, akaniita, "Binti wa chai! Gurudumu langu lilipasuka, au vipi?" Nikaangalia kikapu changu cha ndimu. Akasema taratibu, "Usijali. Yule mzee hulala garini kwangu mpaka mate yanamtoka, nikifika uwanjani namwamsha mara tatu ndipo anajua jina lake. Nilikuwa nawaza siku nyingi nimfanyeje. Wewe umefanya." Halafu akaenda kulipangusa gari lake ambalo lilikuwa limeshang'aa.

Nikisema ukweli, mama ataaibika, maana hadithi ni yake na atajua kumbe alichezewa na mwanawe. Na Bwana Tadeo nitakuwa nimemvunjia siri ya Pemba, pengine atafukuzwa kazi. Nikinyamaza, Mrisho atabaki Pancha. Na Alhamisi inakuja, Bi Severa, gari moshi ni lilelile, benchi ni lilelile, na sasa Bwana Tadeo amejifunza saa za Kiswahili, kaziandika kwenye kiganja kwa wino, na kila anayemkuta anamwambia kwa furaha, "Nane! Nane ya mchana!" Siwezi tena kumlaza kwa hila. Nimwambie nani kwanza, na nianze na neno gani, mimi ambaye maneno huniishia kooni?

Naandika haya stoo, nimekaa kwenye gunia, na kila akipita mtu naifunika karatasi kwa ungo. Hii ni mara ya saba. Sasa nasikia mitalawanda ya mama kwenye sakafu, ko, ko, ko, inakuja huku huku, haikati kona ya jikoni. Ungo ninao mkononi. Nimechoka kufunika. Nauweka chini. Jina langu ni Josepha Ignasi, ukitaka liandike. Mlango un

*

Josepha, binti yangu,

Nimeliandika, kwa sababu umenipa mwenyewe, na kwa sababu chini ya barua yako, pale ulipokatika, kuna mistari kwa mwandiko mwingine, kalamu ya risasi, herufi kubwakubwa, nayo inasema hivi: "Mimi mama yake. Nimesoma yote nimesimama. Nimecheka, halafu nimekasirika, halafu nimecheka tena. Mjibu kabla ya Alhamisi. Mrisho nimeshampelekea maandazi lakini sikujua nimwambie ya nini."

Kwa hiyo hofu yako ya kwanza imeshakwisha bila mimi. Mama yako hakuaibika. Amepata mwisho mpya wa hadithi yake, na nakuhakikishia atausimulia vizuri kuliko wewe. Nimemwomba mpiga chapa barua hii itoke Jumanne, basi soma haraka, na usisome ukiangalia sinia.

Kwanza nikugombeze. Unajisifu kwamba ulidanganya kwa kusema kweli. Acha ujanja wa shule. Mama yako alikuweka uwe mdomo wake, akakuuliza swali la wazi, ukampa jibu la pembeni. Hilo nakusamehe nusu, kwa sababu uliona mtu anasinzia na watu wanane wanakwenda kukaa nyuma yake. Lakini Mrisho ulimdanganya waziwazi, uso kwa uso, yeye aliyekuja kwa saa yake kama afanyavyo siku zote, na umemwacha azomewe siku zote hizi kwa gurudumu lisilopasuka. Eti una haya! Haya yako inalindwa na jina la mtu mwingine, hilo hulioni?

Sasa sikiliza. Jumatano asubuhi, kabla madereva hawajatawanyika, wewe na mama yako nendeni kituoni. Usimwite Mrisho pembeni. Walimpa jina la Pancha mbele ya watu, na litafutwa mbele ya watu haohao. Useme hivi, wala usiongeze neno: "Kaka Mrisho alikuja saa nane kamili. Mimi nilimrudisha kwa uongo. Naomba radhi." Ni pumzi moja tu, hata mtu wa haya anayo. Fikirini naye atakuwepo, na kama ni muungwana atairudisha Alhamisi ya mwenzake mwenyewe. Asipoirudisha, baba yako anajua kuandika, aandike barua kwa yule karani Mgoa, ambaye kwa maelezo yako ni mtu wa kucheka, na watu wa kucheka huwa wanasikia.

Kisha Bwana Tadeo. Kwa maelezo yako, Mrisho alikuwa akimwamsha mara tatu uwanjani, mama yako aliyaona macho, baba yako alizihesabu saa za gari moshi, na wewe uliijua Pemba. Watu wazima watatu na msichana mmoja, kila mtu na kipande chake, na hakuna aliyefungua mdomo. Mnamcheka Mpolandi kwa kutojua saa, lakini yeye ni mmoja na ninyi ni wanne.

Siri ya Pemba hukupewa uitunze, binti. Mtu mzima hamwambii msichana jambo kama hilo kwa kicheko mpaka liwe limemlemea na hajui alitue wapi. Mrudishie. Alhamisi asubuhi akishakunywa chai, na kabla hajalala, mwambie kwa Kiingereza ili asipate pa kujificha: nilijua saa yako, nilikuacha ulale makusudi, kwa ajili ya Pemba. Atakoroga kikombe kisicho na chai. Mwache akoroge. Halafu baba yako amwambie lile la rubani wa bandarini, na wewe ugeuze, neno kwa neno, bila kupunguza.

Na hili ndilo nataka mpatane kabla hajainuka mezani. Ashuke na gari moshi la Jumatano, si la Alhamisi, alale usiku mzima kwenye kile kitanda cha kamba, na Alhamisi aamke kama alivyoamka siku ile, akimsalimu hata paka. Mkewe nesi atamwelewa kuliko anavyodhani, yeye anajua mtu asiyelala anafanana na nini. Ofisi yake aiambie mwenyewe, na aiambie kweli: kazi yake inaanza anapoufunga mlango wa nyumba yake Morogoro, haianzii kwenye ngazi ya ndege. Ikikataa, aombe ndege ya Ijumaa. Na ikitokea Alhamisi yoyote amefika kwenu amelala amesimama, mama yako asimfiche nyuma ya pazia. Ampigie karani simu kutoka dukani, aseme rubani wenu leo hafai, leteni yule aliyepumzika. Bwana Tadeo akikasirika, akasirike chini hapa Mchafukoge, penye vitumbua.

Bi Sitara naye aambiwe kwamba yule aliyeshika pazia asubuhi ile ndiye aliyekuwa ambebe. Ana haki ya kujua, na mawingu yake yatazidi utamu.

Kitubio chako kimalizie Jumamosi. Usikohoe.

Na tangu leo, mtu yeyote akikuuliza saa, mtajie mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sauti inayofika meza ya sita.

Wako,
Bi Severa